Kupunguza Kasi ya Saa ya Kadi ya SD kwenye Raspberry Pi 4: Mwongozo kwa Mafundi wa Kitengela na Kajiado

Ukishapita Kitengela kwa barabara ya Namanga, maji ya watu na ya mifugo hutegemea sana visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine: Isinya, Kajiado mjini, Ilbisil, hadi karibu na mpaka. Ndani ya kibanda cha pampu unaweza kukuta kisanduku chenye kompyuta ndogo inayosoma mita, kuhesabu tokeni za maji na kutuma taarifa kupitia laini ya simu. Kompyuta hiyo ikiwa ni Raspberry Pi, kila kitu chake kimo ndani ya kadi moja ya SD. Kadi ikianza kusumbua, tokeni hazitambuliwi, pampu haiwaki, na mfugaji aliyeswaga ng'ombe tangu alfajiri anakaa kumsubiri fundi atoke mjini. Ndiyo maana naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyoonekana.

Mwongozo huu unashughulikia tatizo moja tu. Kadi ni nzima na umeme ni safi, lakini data inaharibika njiani kati ya kadi na kidhibiti chake kwa sababu saa inapigwa haraka kuliko waya unavyoweza kustahimili. Dawa yake ni kuiambia draiva ya kidhibiti isivuke kasi fulani. Nimeandika kwa ajili ya Raspberry Pi 4 inayotumia Raspberry Pi OS ya toleo la Bookworm, lililotoka 2023. Bodi nyingine nitazigusia mwishoni.

Kasi hiyo inatoka wapi

Kadi ya SD huzungumza na kidhibiti kwa waya sita: mmoja wa saa, mmoja wa amri, na minne ya data. Kila saa inapopiga, biti huvuka. Wakati wa kuwasha, kerneli ya Linux huanza taratibu kabisa, kilohezi 400, na ikishindwa hushuka hadi 300, 200, kisha 100. Hapo inaiuliza kadi inaweza nini. Baada ya kuelewana hupanda. Hali ya kawaida ya kadi ni megahezi 25, sawa na megabaiti 12.5 kwa sekunde. Hali ya kasi ni megahezi 50, megabaiti 25 kwa sekunde. Raspberry Pi 4 hupanda juu zaidi, kwenye hali iitwayo DDR50: saa bado ni megahezi 50, ila data huvuka saa inapopanda na tena inaposhuka, na volti ya ishara hushushwa kutoka 3.3 hadi 1.8. Kwenye karatasi hiyo ni megabaiti 50 kwa sekunde.

Fikiria maana yake kwa waya. Katika DDR50 kila biti ina nanosekunde 10 tu za kufika, kutulia na kusomwa. Kwenye bodi yenyewe, ambako njia kutoka kwenye chipu hadi kwenye kadi ni sentimita chache, muda huo unatosha. Lakini wajenzi wengi wa visanduku vya nje huweka utepe wa kurefusha: upande mmoja unachomekwa mahali pa kadi, na upande wa pili unaishia pembeni ya kisanduku ili mhudumu abadilishe kadi bila kukifungua chote. Ni wazo zuri kwa kibanda kilichojaa vumbi. Ila utepe ule haukutengenezwa kwa ajili ya nanosekunde 10, na ishara ya volti 1.8 ina nafasi ndogo ya kuvumilia kelele za umeme kuliko ile ya 3.3. Weka utepe huo karibu na swichi kubwa ya mota ya pampu, inayorusha cheche kila inapowaka, na utapata kisanduku kinachofanya kazi vizuri mezani Kitengela kisha kinalala siku ya pili kikifika Mashuuru.

Hatua ya 1: Soma kerneli inalalamika nini

Usiguse chochote kabla ya kusoma. Fungua terminali na uandike:

sudo dmesg | grep -i mmc

Kwenye Raspberry Pi 4 kadi kwa kawaida ni mmc0, na Wi-Fi, ambayo nayo hutumia njia ya aina hiyo hiyo, ni mmc1. Hakikisha kwa kutafuta mstari unaotaja mmcblk0, kwani ndiyo kadi yako. Fundi anayeharakisha anaweza kupoteza mchana mzima akirekebisha saa ya Wi-Fi.

Namba za makosa zina maana. Namba -110 ni muda kuisha: kidhibiti kiliuliza, hakikujibiwa. Namba -84 ni tofauti, na ndiyo tunayoitafuta. Inasema data ilifika, lakini hesabu ya ukaguzi (CRC) iliyoambatana nayo haikulingana, yaani biti zimegeuka njiani. Ukiona -84 mara kwa mara, hasa pampu inapowaka au jua la saa nane linapopiga mabati ya kibanda, una sababu nzuri ya kushuku njia ya ishara. Ukiona -110 tangu mwanzo kabisa, kadi haitambuliki hata kwenye kilohezi 400, basi shida si kasi. Kadi imekufa, au haigusi vizuri, au utepe umekatika. Acha mwongozo huu hapo na ubadilishe kifaa.

Kerneli za toleo la 6.0 na kuendelea zina pia daftari la makosa:

sudo cat /sys/kernel/debug/mmc0/err_stats

Humo kila aina ya kosa ina hesabu yake tangu mashine ilipowashwa. Andika pembeni hesabu ya mistari inayotaja CRC, kwa amri na kwa data. Utaihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Ondoa umeme na kadi kwenye orodha ya watuhumiwa

Hapa ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi. Kupunguza saa wakati tatizo ni umeme ni kuficha ugonjwa, na mashine itarudi kulala baada ya wiki mbili, safari hii ikiwa imeharibu faili.

Raspberry Pi 4 inahitaji volti 5.1 na ampea 3. Kwenye kibanda cha sola, kigeuzi cha kushusha volti 12 za betri hadi 5 huwa ndicho kiungo dhaifu, na kinachofuata ni waya mwembamba na mrefu wa kuchajia simu. Uliza bodi yenyewe:

vcgencmd get_throttled

Jibu likiwa 0x0, umeme haujawahi kushuka tangu mashine iwashwe. Jibu kama 0x50000 linasema umeme ulishuka wakati fulani na prosesa ikapunguziwa kasi. 0x50005 linasema hali hiyo inaendelea hata sasa. Bodi huanza kulalamika volti zikishuka chini ya 4.63 hivi. Fanya jaribio hili pampu ikiwa inawaka, si wakati kibanda kimetulia. Jibu lisipokuwa 0x0, badilisha waya na kigeuzi kwanza, uwashe upya, ungoje siku nzima, kisha urudi kwenye Hatua ya 1.

Kisha kadi. Toa nakala yake kwanza, kwenye kompyuta nyingine, na ikiwa inasomeka kwa shida tumia ddrescue badala ya dd, kwa sababu ddrescue huruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni. Baada ya nakala kuwa salama, pima kadi kwa programu ya f3. Kuna kadi zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 64 ilhali ndani zina 8, na zikijaa huanza kuandika juu ya data ya zamani bila kusema neno. Popote uliponunua, Luthuli Avenue jijini au duka la simu karibu na steji ya Kitengela, pima kila kadi kabla ya kuipeleka kisimani. Amri ni f3write kisha f3read, ukielekeza mahali kadi ilipofunguliwa. Kazi hiyo huchukua muda, kwa hiyo iache usiku.

Mwisho, toa utepe na uchomeke kadi moja kwa moja kwenye bodi. Hesabu ya CRC ikiacha kupanda, umemshika mwizi. Kama unaweza kuishi bila utepe, uondoe na kazi imeisha, maana hakuna mpangilio wa programu unaoshinda waya mfupi. Endelea tu ikiwa kisanduku kimejengwa kwa namna ambayo utepe lazima ubaki.

Hatua ya 3: Tazama saa ilivyo sasa

sudo cat /sys/kernel/debug/mmc0/ios

Utaona mistari kadhaa. Inayotuhusu ni minne. Wa clock unaonyesha kasi iliyoombwa. Wa actual clock unaonyesha kasi iliyopatikana kweli. Wa timing spec unataja hali, na hapo kwenye Raspberry Pi 4 yenye kadi nzuri utasoma sd uhs DDR50. Wa signal voltage utasema 1.80 V.

Tofauti kati ya mistari miwili ya kwanza ina sababu. Kidhibiti hakitoi kasi yoyote unayoitamani. Kina saa mama, na hupata kasi nyingine kwa kuigawanya. Vidhibiti vinavyofuata toleo la 3 la kanuni za SDHCI hugawanya kwa namba shufwa: 2, 4, 6, 8 na kuendelea. Saa mama ikiwa megahezi 100, unaweza kupata 50, 25, 16.7 au 12.5. Ukiomba 40, draiva haitathubutu kuvuka ulichoomba, kwa hiyo itashuka hadi 25. Anayeomba 40 akidhani amepata 40 atatoa hitimisho la uongo kuhusu waya wake.

Hatua ya 4: Jaribu bila kuandika chochote cha kudumu

Linux inaruhusu kubadilisha saa mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi:

echo 25000000 | sudo tee /sys/kernel/debug/mmc0/clock

Soma tena faili la ios kuhakikisha actual clock imeshuka. Sasa isukume kadi, isome gigabaiti nzima bila kupitia kumbukumbu ya muda:

sudo dd if=/dev/mmcblk0 of=/dev/null bs=4M count=256 iflag=direct status=progress

Amri hii husoma tu, haiandiki kitu. Lakini kagua if na of mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa kuwa ukizigeuza umefuta kadi. Wakati inasoma, mwambie mhudumu awashe na kuzima pampu. Kisha soma err_stats na ulinganishe na hesabu uliyoiandika. Rudia jaribio lote kwa megahezi 50, uone kama makosa yanarudi. Jaribio la upande mmoja halithibitishi kitu; makosa yanayotoweka kwenye 25 na kurudi kwenye 50 ndiyo ushahidi.

Yakiendelea hata kwenye 25, jaribu 12500000. Yakiendelea hapo pia, saa haina hatia. Rudi kwenye utepe, kadi na umeme.

Mabadiliko haya hufutika mashine ikizimwa, na hiyo ndiyo faida yake. Ukikosea, unazima na kuwasha.

Hatua ya 5: Ifanye idumu

Kerneli hujua kilichomo kwenye bodi kwa kusoma mti wa vifaa, maelezo yanayopakiwa kabla haijaanza kazi. Tutauongezea kipande kidogo, ambacho mafundi hukiita ovalei. Tengeneza faili liitwalo saa-ya-kadi.dts na uandike humo:

/dts-v1/;
/plugin/;
/ {
    compatible = "brcm,bcm2711";
    fragment@0 {
        target = <&emmc2>;
        __overlay__ {
            max-frequency = <25000000>;
        };
    };
};

Jina emmc2 ndilo la kidhibiti cha kadi kwenye Raspberry Pi 4, na bcm2711 ni chipu yake. Mstari wa max-frequency ni dari: draiva inaposoma mti, huchukua namba hiyo kuwa kasi ya juu kabisa isiyovukwa. Haizuii kadi kuingia hali ya DDR, kwa hiyo kwenye megahezi 25 bado unapata kama megabaiti 25 kwa sekunde kwenye karatasi, huku kila biti ikipewa nanosekunde 20 badala ya 10. Muda umeongezeka maradufu.

Geuza faili kuwa la mashine na uliweke mahali pake:

dtc -@ -I dts -O dtb -o saa-ya-kadi.dtbo saa-ya-kadi.dts
sudo cp saa-ya-kadi.dtbo /boot/firmware/overlays/

Fungua /boot/firmware/config.txt na uongeze mwishoni, chini ya neno [all]:

dtoverlay=saa-ya-kadi

Kwenye matoleo kabla ya Bookworm faili hilo liko /boot/config.txt. Zima mashine kwa utaratibu, kisha uwashe. Usichomoe waya.

Jua mpaka wa dawa hii. Dari inaanza kufanya kazi Linux inapoanza. Programu ya kuwashia ya bodi, inayosoma kadi kabla ya hapo, haifuati dari ya ovalei yako. Mashine inayokwama kabla kerneli haijaandika mstari wake wa kwanza haitasaidiwa na faili hili.

Hatua ya 6: Hakiki, kisha ukague faili

Anza kwa kuangalia kama mti umepokea kipande chako:

find /proc/device-tree/ -name max-frequency

Faili litakalotokea chini ya emmc2bus lisome kwa xxd. Unatarajia 017d 7840, ambayo ni 25000000 kwa hesabu ya mashine. Halafu soma ios tena. Mti ukiwa na namba lakini actual clock bado ni 50000000, umesoma mmc isiyo ya kadi. Namba isipokuwepo kabisa, jina la ovalei kwenye config.txt halifanani na jina la faili, au mstari umeangukia chini ya kichwa cha bodi nyingine.

Kadi iliyokuwa ikipokea data mbovu huenda ina mfumo wa faili uliojeruhiwa. Itoe, ichomeke kwenye laptopu ya Linux, tafuta jina lake kwa lsblk, na uendeshe e2fsck -f kwenye sehemu ya pili ikiwa haijafunguliwa. Usiiruke hatua hii. Saa iliyorekebishwa haiponyi faili lililokwisha kuharibika.

Je, watumiaji wataona upungufu?

Kisimani, hapana. Programu ya mita huandika vipande vidogo vidogo: usomaji mmoja, tokeni moja, mstari mmoja wa kumbukumbu. Kadi yenye alama ya A1 inaahidi usomaji 1500 wa vipande vya kilobaiti 4 kwa sekunde, na uandishi 500. Zidisha uone: usomaji huo ni kama megabaiti 6 kwa sekunde, uandishi megabaiti 2. Njia ya megabaiti 25 ni pana kuliko kinachopita humo.

Kwa seva ya shule hesabu hubadilika kidogo. Raspberry Pi inayotoa video za masomo kupitia programu ya Kolibri darasani Kitengela husoma mafaili makubwa, na wanafunzi wengi wakifungua video tofauti kwa pamoja njia nyembamba inaweza kuhisiwa. Huko mashine iko mezani ofisini, hakuna sababu ya utepe. Ondoa utepe, acha saa ilivyo.

Bodi nyingine

Raspberry Pi 3 hutumia kidhibiti na draiva tofauti, bcm2835-sdhost, na huishia megahezi 50 bila DDR kwenye volti 3.3. Ovalei ya hapo juu, inayotaja emmc2, haiihusu. Raspberry Pi 5 hupanda hadi hali ya SDR104, ambayo kanuni yake inafika megahezi 208, kwa hiyo utepe wa kurefusha ni hatari zaidi kwake. Kwenye bodi hizo Hatua ya 1 hadi ya 4 zinafaa. Jina la kidhibiti ndilo utakalolitafuta upya.

Kompyuta za mezani za ex-UK, zilizojaa kwenye saiba na ofisi ndogo, zina ndugu wa tatizo hili kwenye waya wa SATA. Kwenye dmesg utaona READ FPDMA QUEUED ikishindwa, na kwenye taarifa za smartctl hesabu namba 199, ya makosa ya CRC, ikipanda. Waya mpya wa SATA ni wa bei ndogo, anza nao. Ukihitaji kupunguza kasi kwa muda, ongeza libata.force=3.0Gbps kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, endesha sudo update-grub na uwashe upya. Linux yenyewe hushusha kasi hiyo ikiona makosa mengi, kwa hiyo huenda ukakuta kazi imekwisha kufanywa.

Kabla hujaondoka kisimani

Mpangilio huu unaishi ndani ya kadi, si ndani ya bodi. Mhudumu akichomeka kadi mpya yenye mfumo mtupu, saa inarudi megahezi 50 na makosa yanarudi nayo. Basi nakili kadi iliyokwisha kurekebishwa kwenye kadi ya pili uliyoipima kwa f3, uiwashe pale pale kupitia utepe ule ule, usome ios kuhakikisha imebaki 25000000, kisha uiache kwa mhudumu ndani ya bahasha. Juu ya bahasha, na ndani ya kifuniko cha kisanduku, andika kwa kalamu isiyofutika: megahezi 25, sababu ni utepe, tarehe, na jina la faili la ovalei. Fundi atakayekuja kubadilisha utepe kwa mfupi zaidi atajua mstari upi wa config.txt wa kuondoa.